Asiyetulia, Je, Hana Heshima?

Tazameni watu waliokusanyika katika baraza. Mzee anasema, wote wananyamaza. Lakini yuko mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye mguu wake unatikisika chini ya meza bila kukoma. Vidole vyake vinabonyeza biki, ta-ta, ta-ta. Akiacha biki anashika ndevu, akiacha ndevu anatafuna kucha. Walioketi karibu wanatazamana. Mmoja ananong'ona: «Huyu hana adabu.» Mwingine: «Hasikii hata neno moja.» Basi hukumu imekwisha kukatwa, na mshtakiwa hajui hata kwamba ameshtakiwa.

Hukumu ya namna hii si jambo dogo. Kwa ajili yake mtu anakosa kazi ya biro, kwa sababu aliyemwuliza maswali alidhani ameona uongo katika vidole vyake. Kwa ajili yake wakwe wanasita kumpa binti yao kijana mwema. Kwa hiyo yafaa tuulize: je, kutulia kwa mwili ni kipimo cha kweli cha heshima?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Iko hali moja ya ubongo ambayo waganga wanaoandika Kifaransa wanaiita TDAH, na wanaoandika Kiingereza ADHD. Mwenye hali hiyo inamwia vigumu mno kukaza fikira mahali pamoja, au kutulia, au yote mawili. Inaanza utotoni, na zamani wengi walidhani inakwisha mtoto akikua. Sivyo. Kwa wengi inaendelea. Waganga wanakadiria kwamba watu wazima 2 au 3 katika 100 wanayo. Tena inafuata damu, hata mara nyingi baba na mwana wanayo wote wawili. Ila mtu mzima hapandi juu ya meza kama mtoto, amejifunza kukaa. Msukosuko umeingia ndani, ukabaki kutokea kwenye vidole, miguu, kucha na nywele. Huyu anazungusha pete, yule anaimba kwa pua wimbo uleule tangu asubuhi (na hapo nawahurumia jirani zake pia). Watu wenye otizimu nao hujichochea mwili vivyo hivyo. Wala si kila anayetikisa mguu ana hali hiyo: baridi, wasiwasi na kahawa nyingi huleta mambo yaleyale.

Msidhani ni watu wa baraza tu wanaochanganya mwili na tabia. Mwaka 1902, mjini London, daktari George Still alitoa mafundisho matatu juu ya watoto wenye akili nzuri lakini wasioweza kujizuia. Alidhani sababu imo mwilini. Hata hivyo jina alilolichagua lilisema kwamba watoto hao wamepungukiwa na uwezo wa kujitawala katika maadili. Neno kama hilo, likisha kubandikwa juu ya mtu, halibanduki upesi.

Mwalimu mmoja wa zamani zaidi aliona wazi kuliko hapo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga matendo ya namna mbili. Kuna tendo linalotoka katika akili na utashi wa mtu, na hilo ndilo linalohukumiwa kuwa jema au baya. Kuna tena tendo linalotokea tu ndani ya mtu, bila akili yake kuliamua. Na mfano alioutoa ni nini? Mtu anayesogeza mguu au mkono, au kujikuna ndevu, huku akiwaza jambo lingine. Kumbe mtu wetu wa baraza alikuwa amekwisha andikwa kitabuni zaidi ya miaka 700 iliyopita!

Lakini mtasema: huyu akiambiwa aache, anaacha, basi yamo katika utashi wake. Ni kweli, anaweza, kama vile mtu anavyoweza kuzuia kikohozi. Lakini tuangalie gharama. Mwaka 2015 wataalamu wa Florida, Marekani, walitoa habari za wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliopewa kazi ya kushika mambo kichwani. Wavulana wenye hali hiyo walifanya vizuri zaidi walipojitikisa zaidi. Wale wasio nayo, walipojitikisa walifanya vibaya zaidi. Hao ni watoto, sikatai. Lakini watu wazima wengi wenye hali hiyo wanasema jambo lilelile: nikikaza mwili utulie, nguvu zangu zote zinakwenda kuulinda mwili, wala sisikii tena msemaji. Hata kwa watu wa kawaida, mwanamke mtaalamu wa Plymouth, Uingereza, aliwasikilizisha watu 40 maneno ya simu ya kuchosha. Nusu yao walikuwa wakijaza rangi ya kalamu katika vichoro vidogo. Hao walikumbuka zaidi kuliko wenzao, kwa 29 katika 100. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2010.

Basi anayemwamuru mtu huyo atulie ili asikilize, pengine anamnyang'anya fimbo anayotembelea.

Hapo hatujamaliza, maana jirani naye ana haki. Ta-ta ya biki inamtesa anayeandika hesabu karibu, wala kusema «ndivyo nilivyo» hakutoshi. Mguu haukuamuliwa na utashi. Lakini kuchagua kati ya biki yenye kelele na kipande cha kamba mfukoni kunaamuliwa. Hapo ndipo wajibu wake unapoanzia, si mapema kuliko hapo. Na wajibu wa jirani ni kumwambia faraghani, bila kumwaibisha mbele ya watu, na kumwuliza neno moja kabla ya kumhukumu: «Umesikia nini?» Mara nyingi atarudishiwa maneno ya mzee yote, moja baada ya moja, hata yale ambayo yeye mwenyewe aliyeketi kimya ameyasahau.

Ila anayejitafuna vidole mpaka damu, au kung'oa nywele mpaka kipara, huyo asiachwe na kamba yake. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, naye asindikizwe na mtu asiyemcheka.