Kupanda kwa Mafuta na Ahadi ya Ujira

Mwezi wa Septemba 2023 kijana mmoja mwenye kuendesha tuktuk alitujia baada ya darsa, baina ya magharibi na isha, akatuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote. Alisema: "Sheikh, nimeafikiana na mzazi mmoja niwapeleke watoto wake skuli kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Sasa mafuta yamepanda na mwezi haujesha. Je, nimwambie aniongeze, na asipokubali niwaache watoto?"

Asili ya matata haya yajulikana. Kila tarehe 14 ya mwezi serikali hutangaza bei ya mafuta, na bei hiyo huanza kutumika tarehe 15. Lakini watu huwekeana ujira tangu tarehe mosi. Basi bei huwakuta wako katikati ya ahadi. Mwezi ule petroli ilipanda Nairobi kutoka shilingi 194.68 kwa lita hata ikafika 211.64, yaani karibu shilingi 17 kwa mara moja, na sisi watu wa Mombasa hatukusalimika, ijapokuwa mafuta yateremshwa hapa kwetu bandarini.

Jambo la kwanza ni kuwa kuongeza bei si dhambi. Mwenye chombo ana haki ya kuuza kazi yake kwa bei itakayomlisha yeye na watoto wake, na hapana sharia iliyomlazimisha afanye kazi kwa hasara. Lakini haki hiyo ni katika mapatano mapya. Ama mapatano yaliyokwisha fungwa, ujira ukajulikana na muda ukajulikana, hayo ni ahadi, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi.

Wala mtu asidhani kuwa wanavyuoni wa zamani hawakuyajua mambo haya kwa kuwa hawakuwa na petroli. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, ametaja katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darsa zetu, mtu aliyekodi hamamu kisha akakosa kuni za kuchemshia maji. Akasema kuwa mkataba hauvunjiki kwa udhuru huo. Ikiwa aliyekosa kuni kabisa hakuachiwa kuvunja, itakuwaje kwa aliyeyapata mafuta, ila ameyapata kwa bei ya juu?

Tulikaa na kijana yule tukahesabu. Safari za watoto wale zilikuwa zikila kama nusu lita kwa siku. Siku za skuli zilizobakia katika mwezi zilikuwa 11. Basi hasara yake yote haikufika shilingi 100. Hatusemi kuwa shilingi 100 si kitu. Kwa maskini huo ni unga wa chakula cha usiku. Lakini twamuuliza kila mwenye kazi: je, neno lako ni la kuuzwa kwa shilingi 100? Mzazi aliyewakuta watoto wake wameachwa mlangoni asubuhi, na mtihani unawangoja, hatakuamini tena hata ukimpeleka bure.

Basi tulimjibu hivi: timiza mwezi wako, na umpe mzazi habari tangu sasa kuwa mwezi ujao ujira utakuwa kadha. Ukiwa huwezi kabisa kungoja, nenda umweleze kwa wazi. Akiridhia, kuridhiana ni halali. Lakini usimtishe kwa watoto wake, kwani aliyetoa kwa kutishwa hakuridhia.

Kibaya kuliko hayo ni la yule ambaye hunyamaza abiria apandapo, akamwambia bei mpya ashukapo. Mimi mwenyewe nimeona mama aliyebeba mtoto mgonjwa akidaiwa nyongeza mlangoni pa hospitali, naye hana cha kusema wala pa kwenda. Hiyo si biashara; hiyo ni kumnyang'anya mtu kwa kutumia shida yake. Bei husemwa kabla ya gurudumu kuzunguka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Petroli ilifika Nairobi shilingi 217.36 mwezi wa Oktoba 2023. Ilipofika Novemba 2024 ilikuwa imeshuka hadi 180.66. Nauli zilizopandishwa kwa jina la mafuta, ni nani aliyeziona zikishuka kwa jina la mafuta? Twajua kuwa vipuri navyo vimepanda na kwamba mwenye chombo hudai hesabu yake ile ile kila jioni. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, basi na isemwe hiyo. Lakini aliyeyafanya mafuta kuwa shahidi wake siku ya kupanda, hana haki ya kumkataa shahidi huyo huyo siku ya kushuka. Akimkataa, amekiri kuwa tangu mwanzo hakusema kweli.

Na wewe mwenye kupanda, usifurahi ukadhani kuwa maneno haya ni ya mwenzio. Wako matajiri wa dukani ambao mafuta yakipanda jioni, wao hupandisha bei ya sukari iliyokuwa rafuni tangu mwezi uliopita; kisha wakapanda tuktuk wakamgombeza kijana kwa shilingi 10. Mtu huyo ajipimie kwa pishi ile ile ampimiayo mwenziwe. Na mzazi mwenye uwezo, ajapo kijana kumweleza shida yake kwa adabu, si lazima aongeze, lakini akiongeza hiyo ni ihsani, nayo haipotei mbele ya Mola wake.

Mafuta yatapanda na yatashuka, na hayamo mikononi mwetu. Neno la mtu limo mkononi mwake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi zetu katika dhiki na katika faraja. Amin.