Kimya cha Injini

Mafundi wa pikipiki wa Majengo, Mombasa, wana mteja mmoja wanayemjua sana, ingawa kila siku huja na sura nyingine. Ni yule mwendesha bodaboda anayesema, "Mzee, hebu niondolee hii kelele." Injini inagonga juu kwenye hedi, abiria wanamuuliza kama chombo ni kizima, naye amechoka kujibu. Fundi asiyetaka maneno anakaza tapeti, mlio unakatika, mteja analipa huku anacheka. Baada ya muda anarudi: kiki imekuwa nyepesi, asubuhi injini haiwaki, mlima ndio usiseme.

Mlio ule mdogo una kazi yake. Kati ya valvu na mkono unaoisukuma huachwa nafasi finyu mno, ambayo katika injini nyingi za aina hii hucheza kwenye sehemu ya kumi ya milimita au hata chini ya hapo. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Valvu ya moshi ndiyo inayoteseka zaidi. Gesi za moto huipitia mfululizo, na nafuu yake ni kile kitambo kidogo inapokalia kiti chake, joto likapata njia ya kuingia kwenye chuma cha hedi. Uso wake ukilika, huzama kitini, shina hupanda, nafasi hupungua. Basi valvu inayolika hivyo haizidishi kelele, hunyamaza. Nafasi ikiisha kabisa, haifungi tena sawasawa, joto halina pa kwenda, na ukingo wake huungua.

Kuna fundi mmoja, si mbali na Barabara ya Digo, ambaye napenda kumtazama akitafuta ugonjwa. Kipimo cha mgandamizo hana. Hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupiga kiki. Ikipata uzito, ringi ndizo zimechoka, kwa sababu oili imeziba pengo lao kwa muda. Ikibaki nyepesi, shaka yake hupanda juu kwenye valvu. Moshi wa samawati unaotoka asubuhi tu kisha ukakatika humwambia kwamba usiku oili iliteremka kando ya shina la valvu. Ukizidi wakati wa kuvuta mzigo, huziangalia ringi kwanza. Hedi ikishatoka, humimina petroli kwenye tundu la moshi na kungoja aone kama itapenya. Halafu hunyanyua valvu kidogo na kuitikisa kwa vidole. Ikiyumba huku na huku, hakuna kusaga kutakakoiponya: leo itakaa vizuri, kesho itakaa upande.

Haya yote yanataka muda, na mwenye pikipiki anahesabu hela zinazompita. Tangu 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, spea zimejaa tele hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na jibu la haraka liko karibu: nunua bloku na pistoni. Wengi hununua. Wanaondoka na pistoni mpya chini ya valvu ileile iliyoungua.

Umaskini ni sehemu ya sababu, sikatai. Lakini naona pia mazoea yetu ya kudhani kwamba penye utulivu pana uzima. Mtoto asiyeuliza ndiye mwenye adabu, mke asiyelalamika ndiye aliyetulia, na mpangaji anayedai risiti ni mkorofi. Tuko tayari hata kulipa ili tusisikie.

Chama kimoja cha vijana wa stejini nakijua kwa karibu. Walikuwa wakichanga kila jioni ili mtu akiharibikiwa na injini asilale njaa. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kuomba kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote. Wenzake waliona anawachosha, wakamtoa kwenye kundi la WhatsApp, na mikutano ikawa mifupi na ya raha. Mwenzao alipokuja kuomba pesa za kutengenezea hedi, mweka hazina alianza kwa kusema kwamba mambo yamekuwa magumu.