Nyasi Hupokea

Hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, nimeacha ukanda wa nyasi mteremkoni bila kuulima, mvua isibebe udongo. Nikifukua kidogo, mizizi hutoka imekumbatia chembe za udongo. Nyuzi za kuvu zilizomo ni nyembamba mno kwa macho yangu. Kuvu huupa mzizi fosforasi, mzizi huilipa kuvu sukari. Maafikiano hayo yana zaidi ya miaka milioni 400, na jembe huzikata nyuzi hizo kwa pigo moja.

Msikitini tunafundishwa kutoa bila kungoja malipo. Nalikubali hilo kwa moyo wote. Lakini je, anayepokea amepungukiwa thawabu? Mwenyezi Mungu aliziumba nyasi zikihitaji kupewa, na sioni unyonge wowote ndani yake. Jirani akinirudishia bakuli lina maharage, nalipokea kwa mikono miwili.