Watoto Wetu Walale kwa Amani

Somo: 2 Samweli 15:13-23 na 17:21-29, Zaburi 3

 

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo pengine hamjalisikia likihubiriwa, yaani usingizi wa watoto wetu. Msiseme ni jambo dogo. Biblia inalijua.

Mfalme Daudi alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwanawe Absalomu alipotaka kumwua, aliondoka Yerusalemu kwa miguu, akilia. Tena hakukimbia peke yake. Sura ya 15 inatuambia kwamba Itai Mgiti alivuka pamoja na watoto wadogo wote waliokuwa naye. Baadaye watu wote walivuka Yordani usiku, na kulipopambazuka hakubaki hata mmoja ng'ambo ile. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika usiku, watoto wakiwa mgongoni, tunaijua habari hii bila kufundishwa.

Walipofika Mahanaimu, watu watatu waliwaletea msaada: Shobi, Makiri na mzee Barzilai. Mwandishi anahesabu vitu walivyoleta. Kuna vyombo, ngano, maharagwe, asali na kondoo. Lakini angalieni kitu kinachotajwa kwanza kabisa: ni vitu vya kulalia. Watu wale waliona kwamba aliyekimbia amechoka, na aliyechoka anahitaji mahali pa kulaza kichwa. Na katika Zaburi ya 3, ambayo ni ya wakati ule ule wa kumkimbia Absalomu, Daudi anashuhudia kwamba alijilaza, akapata usingizi, akaamka, kwa sababu Bwana alikuwa anamtegemeza. Maadui walikuwa bado wapo, lakini alilala.

Sasa tujiulize: watoto wetu wanalalaje?

Tunakiri mbele yenu kwamba tumekosa. Mtoto akikataa kulala tunamwambia, "Nyamaza, askari wanakuja. Funga macho, watu wa msituni watakusikia." Mtoto ananyamaza, nasi tunafikiri amelala, kumbe ameogopa. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi wa watoto hawa wamezaliwa hapa. Hawakuiona vita ya Fizi wala ya Uvira. Vita wanayoijua ni ile tunayowaletea sisi kila jioni kwa vinywa vyetu. Ndugu, hofu hailazi mtoto. Inamfanya ashtuke usiku, alie, akojoe mkekani, kisha tunampiga kwa kosa tulilolipanda sisi wenyewe. Tuache.

Basi tufanye nini? Mtoto hujifunza kulala kama anavyojifunza kutembea, kidogo kidogo, akishikwa mkono. Mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila jioni: anawe, ale kile kilichopo, tuombe pamoja, tumwimbie au tumsimulie hadithi fupi isiyo na damu, kisha alale. Haihitaji fedha. Hata kama chumba ni kimoja na ukuta ni wa turubai, saa ya kulala inaweza kuwa ile ile. Mwili wa mtoto utaizoea, utaanza kusinzia wenyewe.

Kwa mama wenye watoto wachanga: mtoto mchanga hajui tofauti ya usiku na mchana, msimkasirikie. Mchana mweke penye mwanga na mwongee naye. Usiku mnyonyeshe kwa mwanga mdogo na maneno machache, naye taratibu atajifunza. Usimnyime ziwa usiku ili umzoeze, bado analihitaji. Usimpe pombe wala dawa yoyote ya kumlaza. Mlaze chali, pasipo mto wala nguo nzito karibu na uso, na kitenge kisimfunike pua. Ndani ya chandarua kila siku, kwa ajili ya malaria. Na baba aliyekunywa pombe asilale mkeka mmoja na mtoto mchanga. Ni hatari, anaweza kumlalia bila kujua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji masaa 14 hadi 17 ya usingizi kwa siku. Wa miezi 4 hadi 11, masaa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, masaa 11 hadi 14. Na wa miaka 3 hadi 4, masaa 10 hadi 13. Hayo ni pamoja na usingizi wa mchana. Kwa hiyo mtoto anayesinzia mchana si mvivu. Muacheni apumzike. Lakini mtoto anayelala mno, haamki hata kunyonya, au ana homa, apelekwe zahanati mara moja, usiku au mchana.

Mtoto mkubwa akishtuka kwa ndoto mbaya, usimkemee. Mshike, mwambie mahali alipo: "Uko nyumbani. Mama yuko hapa. Mlango umefungwa." Rudia mpaka apumue vizuri. Akikojoa, mbadilishie nguo kimya kimya, usimwaibishe mbele ya wenzake.

Na sisi wazee wa kanisa hatuwezi kuwaagiza wazazi tu. Mikesha yetu ina vipaza sauti mpaka alfajiri, na watoto wanasinzia chini ya mabenchi. Nyumba za jirani nazo hazilali. Kwa hiyo tumekubaliana: tangu mwezi huu kipaza sauti kitazimwa saa 3 usiku. Tutaendelea kuomba kwa sauti zetu wenyewe, na Mungu atasikia. Mazoezi ya kwaya ya watoto yatamalizika kabla ya giza. Mama mwenye mtoto mchanga asiyekuja mkeshani, mtu asimhesabie dhambi.

Zaburi ya 121 inatufundisha kwamba Mlinzi wetu hasinzii. Kama yeye yuko macho, watoto wetu wanaweza kufumba macho. Hatuwezi kuwaahidi kwamba kesho tutakuwa wapi. Lakini usiku wa leo tunaweza kuwapa: mkeka uliokung'utwa, chandarua kilichofungwa vizuri, na sauti ya mzazi isiyotisha. Anza jioni hii.

Ee Bwana, uliyemlaza Daudi jangwani, walaze na watoto wetu. Utuondolee maneno ya hofu vinywani mwetu. Amina.

Ni sisi wazee wa kanisa, pamoja na kamati ya akina mama.