Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Anaujua

Mvua zikianza hapa kwetu Idodi, uyoga huota bila kupandwa: kwenye tuta la mchicha, juu ya samadi iliyooza vizuri. Mwingine ni mweupe, mnene, kofia ina magamba ya kahawia. Kama umezunguka vichuguu vyote ukitafuta uyoga wa kuliwa ukarudi na kikapu kitupu, huu hukuita. Hata mimi nimewahi kuuinamia.

Ndiyo maana kisa cha Nicholas Evans hakinitoki akilini. Mwandishi huyu Mwingereza, aliyetunga riwaya ya The Horse Whisperer, alikuwa Uskoti kwa shemeji yake Agosti 2008. Alichuma uyoga, ukapikwa, wakala watu wanne. Nyumba ilikuwa na kitabu cha picha za uyoga, lakini kilifunguliwa baada ya chakula kushuka tumboni. Kila mmoja alidhani mwenzake anaujua. Maumivu yalikuja kesho yake. Watatu kati yao figo zao zilikufa. Evans alisafishwa damu kwa mashine hadi mwaka 2011, binti yake alipompa figo moja.

Sisi vitabu hatuna, tuna bibi. Lakini tunamwuliza bibi? Mtoto huleta uyoga, mama huchukulia kwamba shangazi ameuona, nao uko sufuriani. Kisha tunajifariji kwamba wadudu wameutoboa, au kitunguu kilichopikwa nao hakikubadili rangi. Jamani, hayo si vipimo! Wadudu hula sumu inayotuua, na moto hauiondoi sumu ya uyoga ulio hatari zaidi.

Wa kichuguuni ung'oe taratibu: mguu wake huzama kama mzizi hadi kwenye makazi ya mchwa. Ule mweupe wa bustanini hauna mzizi huo, na ukikomaa, chini ya kofia huwa na ukijanikijani. Kuula ni kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Lakini tumbo likichafuka saa sita au zaidi baada ya kula uyoga wowote, ogopa zaidi. Nafuu ya siku moja isikudanganye, maana ini linaweza kuwa linaharibika. Nenda hospitali, ubebe mabaki.

Mchicha ulioota karibu na uyoga huo mweupe hauna kosa, uoshe, ule. Uyoga wenyewe ung'oe ungali mchanga, mkono ukiwa ndani ya mfuko, uufukie mbali na watoto na kuku. Dawa ya kupulizia ni hasara tu, kwa kuwa chakula chake ni ile samadi. Utaota tena. Asubuhi baada ya mvua, pita kwenye matuta kabla watoto hawajaamka.