Supu na Chai: Ladha Yako, Ulimi Wako (Ramadhani 16)



Ndugu zangu, nusu ya mwezi imeshapita, alhamdulillah. Leo tuzungumze jambo linaloonekana dogo: supu na chai tunayofuturia. Usicheke. Mtu anashinda na swaumu yake vizuri, hakusengenya, hakutukana, halafu baada ya adhana ya Magharibi anamuumiza mwenzake kwa sababu ya kikombe cha chai.

Sisi wa Dodoma tuna mtihani wa peke yetu. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ni wa 1973, lakini tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, safu zetu msikitini zimejaa watu wa kila mkoa. Aliyetoka Tanga au Unguja haoni kama amefuturu bila uji wa pilipili manga. Wa Kilimanjaro anaulizia mtori. Mwenyeji wa hapa akipata ugali wa uwele na mlenda, ameridhika. Huyu supu yake ni makongoro, nzito, na yule anataka kuku wa kienyeji, nyepesi, ndimu na pilipili. Kwenye chai ndiyo usiseme: ya rangi na tangawizi, ya maziwa na iliki, mchaichai mtupu. Mwenye kutia vijiko vitatu vya sukari na aliyekatazwa sukari na daktari wamekaa mkeka mmoja.

Je, ni kosa kupenda hiki na kutopenda kile? Hapana. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nini, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, ila hakipatikani katika nchi ya watu wake, hivyo nafsi yake haikitaki. Khalid akakivuta kwake akala, na Mtume (s.a.w.) anamtazama. Hakumkataza wala hakumkunjia uso. Kila mmoja na ladha yake, na sahani ni moja.

Sasa weka pembeni yake hadithi ya Abu Huraira, nayo ni ya Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikitamani anakula, asipokitamani anakiacha. Imam Nawawi alipoisherehesha akataja mifano ya kukitia chakula ila: kusema kina chumvi nyingi, hakina chumvi, kichachu, chepesi sana, hakijaiva. Hebu jisikilize wewe jana jioni. Si ndiyo maneno yetu hayo hayo? Nawawi akabainisha pia kuwa kisa cha dhabb hakipingani na hadithi hii, kwa sababu pale Mtume (s.a.w.) alieleza hali ya nafsi yake tu, hakukiponda chakula.

Na kuna jambo tunalisahau. Aliyepika supu hiyo alikuwa amefunga. Wanazuoni wameruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, na imepokewa hivyo kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Lakini wengi majumbani wanaogopa, wanatia chumvi kwa kukisia. Mkeo, mama yako au dada wa kazi amesimama kwenye jiko la mkaa tangu Alasiri, koo kavu kama lako, anapika kitu asichokionja. Unaketi, unakunywa funda moja, unasema, "Hii nayo ni supu?" Funda moja tu, na kazi ya saa tatu umeifuta mbele ya watoto.

Kuna na hili la kudharau chakula cha watu. Mgeni anaucheka mlenda, anasema unateleza kama nini sijui. Mwenyeji naye akionyeshwa supu ya pweza anauliza, "Mdudu gani huyu?" Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza watu kuwadharau watu wengine. Ukikicheka chakula alicholelewa nacho mwenzako, umemcheka na mama yake aliyemlisha.

Tena hebu iangalie hiyo chai unayoisusa. Dodoma hatulimi majani ya chai. Yanatoka Mufindi, Rungwe au Usambara. Sukari pengine imetoka Kilombero au Mtibwa, tangawizi imetoka Same, maji ni ya visima vya Mzakwe. Watu wangapi wametoka jasho mpaka kikombe kikakufikia? Na wewe tatizo lako ni kwamba iliki imezidi.

Basi leo tufanye hivi:

1. Ukiona chumvi imezidi, ongeza maji ya moto au kamulia ndimu, nyamaza. Ukishindwa kabisa, kiache bila hotuba.

2. Una ombi? Lipeleke kesho kabla ya kupika, kwa upole: "Mama Fulani, leo naomba tangawizi kidogo." Kuomba si kutia ila.

3. Kabla hujaondoka mkekani, mshukuru aliyepika, na dada wa kazi naye. Hakikisha naye amefuturu, tena kwa supu ile ile, si kwa mabaki.

4. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani zake. Imo katika Sahih Muslim. Kwa hiyo supu yako ikiwa nyepesi kidogo kwa sababu bakuli moja limevuka ukuta kwenda kwa jirani, hiyo ndiyo supu ya Sunna.

Ewe Mola wetu, zitakabali funga zetu, zihifadhi ndimi zetu wakati wa njaa na wakati wa shibe, na walipe kheri wanaotupikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane Tarawehe, inshaallah.