Sanamu Bila Maneno Inafundisha Nini?

Siku hizi wengi wanasema kwamba tunapashwa kulinda sanaa ya wazee wetu. Ni neno zuri. Lakini sisi walimu tunauliza: tukilinda sanamu na kusahau maneno yake, tumelinda nini? Ili tusiseme hewani tu, tuchukue mfano wa Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, na chama chao cha Bwami.

Bwami si ngoma ya kufurahisha watu tu. Ni shule ya maisha. Mwanaume anapanda ngazi kwa ngazi, na sehemu nyingi ziko tano: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Wanawake nao wana ngazi zao, na mwanaume hafiki kindi bila mke wake kupanda pamoja naye. Kupanda kunaomba mali, msaada wa ukoo, na zaidi mwenendo mwema.

Kila ngazi iko na vitu vyake: vinyago vidogo vya mti vilivyopakwa udongo mweupe, sanamu za mti ao za pembe ya tembo, hata vitu vya pori tu. Mwalimu anaonyesha kitu, anacheza nacho, anaimba mezali. Kuna sanamu ya vichwa vingi, Sakimatwematwe: mzee anapashwa kuangalia pande zote mbele ya kukata maneno. Kuna mwanamke mwenye mimba, Wayinda: ni onyo juu ya uzinzi unaovunja nyumba. Kwa Kirega, neno moja, busoga, linabeba uzuri na wema pamoja.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami. Haikufa, lakini vitu vingi vilitoka. Leo viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kwa matajiri wa Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Tunakasirika, na ni haki. Lakini tuseme ukweli: mtoto wetu akiona Sakimatwematwe, ataelewa nini zaidi ya mtalii? Waliobeba sanamu hawakubeba mezali. Hizo tunaziacha zife sisi wenyewe.

Wengine watajibu: Bwami iko na siri, haiwezi kuletwa kalasini. Ni kweli. Kitu anachopewa yule aliyekitumikia kina uzito. Kikitupwa kwa wote kinakuwa mchezo. Wengine tena watasema: ngazi ziliomba mali mingi, maskini alibaki chini. Hiyo pia haifai kuificha. Lakini Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kule miaka ya 1950, alifundishwa mambo ya Bwami, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1973. Kama mgeni alifundishwa, mtoto wa kwetu asifundishwe hata kidogo?

Kwa maoni yetu, shule isichukue siri. Ichukue namna ya kufundisha. Bwami iliunga mambo matatu: kitu, neno na mwenendo. Sisi tumeyatenga. Katika somo la kuchora, mtoto anachora mtungi, anapata pointi, imekwisha. Katika somo la sivisme, anaandika maana ya haki katika daftari, anaikariri, kisha anaisahau. Huku iko mikono bila maneno, kule maneno bila mikono.

Basi mtoto achonge ao afinyange kitu kimoja, aende kwa babu ao bibi kutafuta mezali inayokifaa, kisha aeleze mbele ya wenzake ni tabia gani inaombwa. Mzee akisema "hapa tunakomea", tukome, tumshukuru. Na mwalimu mwenyewe ajichunge. Akiuza pointi, hata sanamu nzuri namna gani itanyamaza mbele ya wanafunzi wake, sababu wameona mwenendo unakataa neno.

Katika Bwami, mwenye vitu akifa, viliwekwa juu ya kaburi lake, na mpwa wake akavilinda mpaka mrithi atayarishwe. Tunaona kazi yetu ni ile ya mpwa. Vitu si vyetu, tunavichunga tu. Lakini mpwa anayechunga bila mrithi kutayarishwa, anachunga kaburi tu. Wazazi, walimu, wazee: tutayarishe warithi.